Kwale kabla ya Julai: Iringa mpaka Mbeya kwa kufuata kingo za mashamba

Wadau habari zenu, nimerudi Iringa wiki iliyopita, nimekaa na daftari pamoja na picha za kwenye simu nikapanga simulizi hii kidogo kidogo, mahali nimepita haraka mjue hapakuwa na kitu zaidi ya vumbi.

Safari yenyewe ilikuwa ya kuangalia kwale, wale ndege wa ardhini jamaa ya kuku. Msimu wa uwindaji unafunguliwa Julai 1 na kila Juni ikifika huku Nyanda za Juu Kusini maneno ni yale yale, wenye vibali wanasema kwale wamepungua sana siku hizi, wanakijiji wanasema watu wa mjini ndio wamewamaliza kwa bunduki, vijana wanasema wapo ila wamehama. Mimi siwindi, napenda tu ndege tangu utoto, nikataka nione kwa macho yangu mashamba yakoje na kwale wako wapi kabla bunduki hazijaanza kulia.

Namna ya kuhesabu nimeitoa Marekani. Kule jimbo la Iowa wana ndege anaitwa fezanti, jamaa ya kwale na kuku, dume lake lina mkia mrefu na pete nyeupe shingoni. Asili yake ni Asia, Wamarekani walimleta wakamwachia Oregon mwaka 1881 akazaana mpaka leo ni ndege wa mashamba ya mahindi kabisa. Sasa Iowa tangu 1962, kila Agosti, kabla ya msimu wao wa Oktoba, wanaendesha gari polepole kwenye barabara za vumbi za mashambani, ruti zile zile kila mwaka, kila ruti kama kilomita 48, asubuhi jua linapochomoza na umande umejaa. Umande ndio siri yenyewe, majani yakilowa mama na vifaranga wanatokea barabarani kujikausha, basi wanahesabika. Nikawaza kwale wetu si ndio hivyo hivyo, kila aliyewahi kusafiri alfajiri huku kwetu anajua wanavyojipanga pembeni ya barabara. Gari sina ila bodaboda zipo.

Ijumaa, Iringa mpaka Mafinga

Stendi ya Igumbilo saa mbili asubuhi, kosta ya Mafinga nauli elfu tano, tukaondoka saa tatu na nusu baada ya kujaa. Nilipokuwa nasubiri nilikaa na kijana anayengoja gari la Kilolo, nikamsimulia habari ya kwale wa Udzungwa maana kwao ni milima hiyo hiyo. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark wakiwa kambini kule msituni waliona kwenye sufuria ya mboga miguu miwili ya ndege ambayo hawakuielewa, wakaulizia, wakamtafuta akiwa hai, na mwaka 1994 akatangazwa kuwa ni ndege mpya kabisa kwa sayansi, tena ndugu zake wa karibu wako Asia. Kijana alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Kaka, huyo ndege bibi yangu atakuwa anamjua zamani." Nadhani kweli anamjua.

Huyo lakini ni wa msitu mnene huko juu. Ninaowafuata mimi ni wa mashambani, kwanza huyu kwale wetu wa kawaida ambaye dume tumbo lake ni madoadoa meusi na meupe na jike tumbo ni la rangi ya kutu, miguu yote miekundu, halafu kereng'ende mwenye koo jekundu tupu lisilo na manyoya, huyo akianza kupiga kelele alfajiri hata uwe umelala vipi utaamka.

Mafinga nikapata gesti ya elfu ishirini, maji ya moto wanakuletea kwa ndoo, usiku nikala ugali na maharage na mboga za majani kwa elfu mbili na mia tano. Baridi ilikuwa kali, mje na jaketi la maana, sweta peke yake Juni haitoshi.

Jumamosi, mashambani upande wa Sadani

Saa kumi na moja na nusu bodaboda alikuwa nje, tulikubaliana elfu kumi na tano kwa asubuhi nzima, aende polepole na asipige honi. Alinishangaa kidogo mwanzoni ila tulipomwona wa kwanza akaanza kuwatafuta yeye kuliko mimi, na macho yake ni makali hasa.

Barabara ya kwanza ilipita kwenye mashamba ya watu wadogo wadogo, eka mbili eka tatu, mahindi yamekauka mengine yameshavunwa, na kati ya shamba na shamba kuna mpaka wa majani marefu na vichaka, upana kama hatua nne tano hivi. Hapo ndipo walipokuwa. Tulipopita kona moja tukamkuta jike katikati ya barabara na vifaranga wake, saizi ya ngumi, manyoya yamelowa yamegandana, wamesimama kwenye kipande cha jua kilichopenya kati ya mabua. Bodaboda akazima injini. Mama alituangalia kwa upande, akatoa sauti ndogo ya chini, vifaranga wakajikusanya nyuma yake, halafu akatembea, hakuruka, akatembea taratibu mpaka kwenye majani ya mpakani na wote wakazama humo mmoja mmoja. Niliwaona sita, inawezekana walikuwepo zaidi. Mbele kidogo tukakuta kwenye udongo laini vishimo vidogo vya kuogea vumbi, bado vina unyoya wa madoadoa.

Barabara ya pili ni ile inayoelekea upande wa Sao Hill, kule ni miti ya paini kwa kilomita nyingi na siku hizi hata wenye mashamba yao wanapanda paini na milingoti (mikaratusi) kwenye majani yaliyokuwa ya ng'ombe. Sikatai, miti inalipa na watu wamesomesha watoto kwa miti. Lakini kwale hamna. Ukiingia chini ya paini iliyokomaa unakanyaga sindano tupu zilizokauka, hakuna majani, hakuna mbegu za magugu, hakuna panzi, ndege wa ardhini atakula nini pale na atajificha wapi. Umbali ule ule, asubuhi ile ile, tuliona kereng'ende wawili tu na wenyewe walikuwa kwenye kijibonde chenye mto ambako miti haijapandwa.

Tukiwa tunarudi tukamkuta mzee anavuna, nikamsalimia "Kamwene", akafurahi, akatukaribisha mahindi ya kuchoma yaliyobaki mabichi bondeni na ulanzi kidogo, ile pombe ya mianzi. Mzee yule amewahi kuwinda kwa kibali enzi hizo na ana akili ya mashamba. Nikamuuliza, baba, kwale wamepunguzwa na bunduki? Akasema, "Mwanangu, bunduki inaua yule aliyeonekana. Shamba linaua asiyeonekana." Nikamwomba anifafanulie, akaninyooshea jirani yake wa ng'ambo ambaye amelima mpaka kwenye barabara, mipaka yote ameiondoa, na akipalilia anapiga dawa ya magugu badala ya jembe. Akasema kule kwa jirani zamani walikuwa wanalala kwale wengi, sasa wanakuja tu usiku kuokota punje zilizomwagika wakati wa kuvuna halafu wanarudi kwake kulala.

Hili jambo la dawa ya magugu nataka nikae nalo kidogo kwa sababu watu wengi hawalijui. Kwale mkubwa anakula mbegu, vimizizi, mchwa, punje, anajimudu. Kifaranga hawezi. Wiki za mwanzo anahitaji wadudu laini, panzi wadogo, viwavi, na hao wadudu wanaishi kwenye magugu. Dawa ya magugu haimuui kifaranga, inaua majani, majani yakifa wadudu wanaondoka, kifaranga anakufa njaa shamba likiwa safi linapendeza. Uingereza yamewakuta hayo hayo na kwale wao wa kijivu, tangu miaka ya 1970 wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90, na watafiti wao walipochunguza wakakuta vifaranga ndio hawaponi. Suluhisho walilopata ni rahisi, mkulima anaacha ukanda wa pembeni mwa shamba wa mita kama 6 bila kupiga dawa, katikati anapiga kama kawaida. Mzee nilipomwambia hivyo akacheka akasema yeye hakusoma ila ndivyo alivyofanya miaka yote, mpaka wake anautumia pia kwa majani ya mbuzi na ya kuezekea.

Kwa atakayekuja Mafinga kwa shughuli hii, fika mashambani kabla ya saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa tatu umande umekauka na hutaona kitu. Salimia watu. Ukiwa na binokula shingoni unatembea pembeni ya shamba la mtu bila kusalimia utaulizwa maswali, na wana haki.

Jumapili, Makambako mpaka Chimala

Hapa nitapita haraka. Makambako upepo wake kila mtu anaujua. Nilikunywa chai na chapati mbili stendi, nikapanda basi la kwenda Mbeya nishukie Chimala, elfu sita, likaharibika kabla ya Igawa tukakaa juani karibu masaa matatu. Mama mmoja aliyekuwa anapeleka mzigo wa nyanya Mbeya alitugawia viazi vya kuchemsha kwenye ndoo yake yote, abiria karibu wote tulikula na akakataa hela. Mama popote ulipo Mungu akubariki.

Kutoka Igawa ukishuka Usangu hali ya hewa inabadilika, joto, mpunga, mifereji. Jioni nje ya Chimala niliona kundi la kanga kwenye majaruba yaliyovunwa, kanga huku bado wapo, wanapenda mashamba yaliyo karibu na vichaka vya miiba ambako wanalala juu ya miti. Kwale nao huku chini wapo ila sikukaa. Gesti elfu kumi na tano, wali samaki elfu nne.

Jumatatu, Hamsini na Saba mpaka Matamba

Hii barabara inapanda ukuta wa mlima kutoka Chimala na inaitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake. Nilipanda pikapu, elfu saba, tumekaa nyuma na magunia matupu ya kwenda kufungia viazi. Ukigeuka nyuma unaiona Usangu yote imelala chini, kwa kweli sijui kama kuna barabara nzuri zaidi ya hii kusini. Kiangazi inapitika vizuri, mvua ni habari nyingine, ulizeni kwanza pale Chimala.

Matamba ni viazi. Viazi, ngano kidogo, pareto, viazi tena. Miteremko imelimwa mpaka juu na nilikuwa na wasiwasi kwamba sitaona kitu, lakini baadhi ya wakulima wana matuta ya kuzuia udongo usimomonyoke, yale ya kukatiza mteremko, na juu ya tuta wameacha majani yaote ili lisibomoke. Dada mmoja aliyekuwa anachimba viazi aliniona nachunguzachunguza akauliza natafuta nini, nikamwambia kwale, akaniita, "Njoo kaka nikuonyeshe, ila usiguse." Juu ya tuta, chini ya kishungi cha majani makavu, kulikuwa na kiota. Ni kishimo tu kimeparuliwa, kimewekwa majani machache, na mayai matano ya rangi ya maziwa yaliyoingia chai kidogo. Ukisimama hatua mbili tu huoni kitu. Alisema jike lilitoka miguuni pake alipokuwa anachimba, akaamua mstari ule ataumalizia mwisho. Tukaondoka upesi ili mama arudi.

Nilimuuliza hilo tuta ni nani alimfundisha, akasema bibi shamba wa zamani, na kwamba kabla ya tuta udongo wote ulikuwa unaenda bondeni. Kwa hiyo tuta limewekwa kwa ajili ya viazi, kwale wamelipata bure. Hilo nimeliandika kwenye daftari nikalipigia mstari, kwa sababu mkulima huwezi kumwambia aache ardhi kwa ajili ya ndege tu, ana watoto, ana lumbesa, lile gunia la kujazwa kupita kiasi, inayomnyonya kwenye bei, lakini ukanda unaoshika udongo na kulisha mbuzi anaweza kuuacha.

Usiku baridi ilinifanya nilale na nguo zote.

Jumanne, Kitulo

Alfajiri kulikuwa na sakitu, majani meupe mpaka yanalia ukikanyaga. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu, na maua yake ni ya kipindi cha mvua kwa hiyo Juni utakuta nyasi za rangi ya dhahabu. Mimi nyasi ndizo nilizozitaka. Kule juu kuna kwale mwingine, mwenye mabawa yenye wekundu unaoonekana akiruka, na ndege huyu ni wa nyasi za milimani, shamba likishaingia yeye hana pa kwenda kama hawa wengine. Tukiwa na askari wa hifadhi tuliwasikia kabla ya kuwaona, wakapuruka karibu na miguu, moyo ukanilipuka, wakatua mbali kidogo na kutulia tuli kwenye nyasi.

Malipo ya hifadhi ni kwa namba ya malipo kwenye simu au benki, hawapokei keshi getini, na mtandao wa simu kule unakuja na kuondoka, kwa hiyo malizieni Matamba au mjini. Mtanzania kiingilio ni nafuu mno ukilinganisha na wageni. Hifadhini uwindaji hakuna, kibali chochote ulichonacho.

Jumatano, kushuka Isyonje mpaka Mbeya

Nilipata lifti ya gari la viazi kupitia Kikondo kushuka Isyonje, dereva alikataa nauli akasema nimlipie chai, tukanywa chai na mihogo pale barabarani.

Njiani ndipo nilipoona yale yaliyoniumiza. Kwanza moto. Juni hii moshi umeshaanza, watu wanachoma mabua na moto unaingia mipakani, ukanda wa majani ulioponea jembe unateketea kwa dakika kumi, na viota kama kile cha Matamba viko humo. Moto wa kuandaa shamba la Novemba unawashwa Juni kwa sababu gani? Dereva alisema wengine wanachoma ili panya watoke wawakamate, wengine ili majani machanga yachipue kwa ajili ya ng'ombe.

Pili mitego. Tuliposimama kupoza injini nilitembea kando ya ua wa vichaka nikakuta vijiti vimechomekwa ardhini vimepangana kama kauzio kadogo ka kimo cha kiganja, kamekatiza njia yote ya ndege, na kila baada ya hatua mbili kameachwa kaupenyo, kwenye upenyo kuna tanzi la uzi wa nailoni limefungwa kwenye fito iliyokunjwa. Kwale hapendi kuruka, anapenda kutembea, anafuata uzio mpaka anapata upenyo. Mitego hii sheria ya wanyamapori ya 2009 inaikataza, kibali au bila kibali, msimu au si msimu. Vijana wawili waliokuwa wanachunga walikuja, hawakukana, mmoja akasema, "Shikamoo bro, tunauza pale barabarani, mtu wa gari anatoa elfu saba elfu nane." Tuliongea muda mrefu. Nikawaambia huyu jike mnayemkamata Juni ana vifaranga nyuma yake, mkimchukua mmeuza na wale wote kwa bei ya mmoja. Yule mdogo alinyamaza akatoa tanzi lililokuwa karibu yake akaliweka mfukoni. Mengine yalibaki, sikuwa na uwezo wa zaidi ya hapo.

Nawaomba wenye magari. Mkiona kijana ameshika kwale kando ya lami msinunue. Soko ni sisi.

Mbeya nikaingia jioni, stendi ya Nane Nane, chipsi mayai elfu tatu, nikalala kama gogo.

Alhamisi, Mbeya na kurudi

Asubuhi nilikutana na jamaa yangu ambaye anawinda kwa kibali kila mwaka, nikamwonyesha daftari. Alitaka kujua aende wapi Julai. Nikamwambia kwanza nenda kwenye mashamba yenye mipaka ya majani, huko wapo, ila kwa nini usiende sasa hivi kabla ya Julai ukaongee na wenye mashamba wasichome mipaka mpaka karibu na kupanda. Wawindaji wa fezanti kule Marekani wamekuwa wakitetea mpango wa serikali yao ulioanza 1985 wa kuwalipa wakulima wapumzishe sehemu ya shamba na kuotesha nyasi, kwa sababu waliona wazi nyasi zikilimwa fezanti wanashuka hata kama hakuna aliyefyatua risasi. Huku kwetu malipo ya namna hiyo hakuna, lakini mwindaji anayetoa hela ya kibali, mafuta na risasi hashindwi kumpelekea mzee wa Sadani mfuko wa mbegu na kumwambia asante kwa mpaka wako. Jamaa alikaa kimya kisha akaniomba namba ya yule mzee. Nilimpigia mzee kwanza kumuuliza, akakubali, wakaongea.

Basi la kurudi Iringa lilikuwa la saa nne, nauli elfu kumi na nane, tukafika magharibi baada ya foleni ya malori pale mzani.

Ruti zangu nitazirudia zile zile Juni ijayo, na nawaomba wenye nafasi Njombe, Mbozi, Rungwe na Ludewa mfanye za kwenu. Chagua barabara moja ya vumbi, anza jua linapochomoza siku isiyo na upepo wala mvua, andika saa ya kuanza na ya kumaliza, kwale wangapi wakubwa, vifaranga wangapi, na muhimu kuliko vyote kushoto na kulia kuna nini, mahindi, viazi, paini, majani, palipoungua. Mkishaandika nitumieni, nitaziweka pamoja kabla ya Julai 1.